Harusi Isiyoomba Leseni

Nyundo. Mara tatu, kimya, mara mbili, kisha sauti ya mtu anayenyonya kidole.

Nilikuwa bado nimejifunika shuka kando ya mtumbwi wa kukanyagia ndizi. Mwaka ule wa bei nzuri ya kahawa, Hamugembe nzima ilikuwa ikiezeka mabati, na kila mtu alijua mlio wa msumari unaoingia kwenye bati. Huu haukuwa wa bati. Huu ulikuwa unaingia kwenye mlango wetu.

Nikatoka. Tarishi wa Mkungu, yaani wa mkuu wa kijiji chetu, alikuwa amesimama kizingitini, nyundo mkono mmoja, kidole gumba cha mkono wa pili mdomoni. Karatasi ilikuwa imening'inia upande.

Ma Kokugonza, mwenye kilabu, alimtazama kidole, akaingia ndani, akamletea rubisi, pombe yetu ya ndizi. Tarishi akanywa. Kisha akatusomea ile karatasi, maana ndiyo kazi yake, akafuta midomo, akasema shauri lenyewe ni zito na ingefaa aongezwe kidogo.

Karatasi ilisema hivi: leo saa nne mwenye kilabu afike barazani mbele ya Kamati ya Vileo, aeleze kwa nini asinyang'anywe leseni, kwa sababu ya mambo.

Hivyo tu. Mambo.

Aliyefungia chumvi gazeti la wiki jana kabla ya kusoma mwanzo wa kisa hiki, namjuza kwa kifupi. Mimi ni Mushumbusi wa Izigo, huko Muleba. Nilitoka kwetu kwa miguu kwa sababu baba alisema mashairi si kazi, nami nikamjibu kwa shairi. Ma Kokugonza akaniajiri kukanyaga ndizi, kwa kuwa kwa mila yetu mwanamke hakanyagi, hata kama kilabu ni chake na hata kama miguu yake ina akili kuliko yangu. Hapo kilabuni nikampata Philbert, karani wa vitalu vya kahawa kule Maruku, mtu mpole mwenye kofia ya kazi asiyoivua ila akifika kwetu. Na yeye akanipata mimi.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana sikulieleza lote.

Mkungu Rugaibula alipomaliza kuezeka nyumba yake mabati alifanya karamu, na vijana tukaitwa kwebuga. Kwetu kijana husimama mbele ya mkubwa, mkuki mkononi, akajigamba. Hutaja jina lake la sifa, alilofanya, na aliyesimama naye. Asiyemtaja mwenzake ni mwizi wa sifa. Anayesema uongo hunyang'anywa mkuki, na hapewi tena maisha yake yote.

Wenzangu walijigambia simba ambao babu zao waliwaua. Mimi simba sina. Nilisema la kwangu, kwa Kihaya, na kwa Kiswahili lilikuwa hivi:

*Mimi ndimi Nisiyeyumba, wa Izigo ya migomba,*
*nimekanyaga ndizi hata magoti yakalewa.*
*Mvua ilipowatawanya wengine mimi nilibaki,*
*nami nilibaki na Philbert wa Maruku:*
*kibuyu kimoja, mrija mmoja,*
*shuka moja mpaka mvua ikapita.*

Kwetu mrija mmoja ni wa mtu na mkewe. Hakuna asiyejua. Watu walishangilia kwanza, wakafikiri baadaye. Wiki moja baadaye kukawa na nyundo.

Nawaelezeni na kilabu chenyewe, ili mjue nilichovunja.

Kwa Ma Kokugonza palikuwa na uzio mrefu wa matete, na nyuma ya uzio ua uliofagiwa vizuri. Kila mnywaji alikuwa na kibuyu chake kinachoning'inia ukutani, na mwenye kibuyu alikuwa na haki ya kiti. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: uliulizwa kiu yako, hukuulizwa mengine. Lukmani, mtoto wa Kiswahili wa mjini, aliingia Jumamosi na kanzu, akabadilisha nyuma ya ukuta, akacheza na gauni la maua hadi jasho, akatoka na kanzu. Swali pekee aliloulizwa ni nani aliyemshonea. Kemilembe na Jovitha, wafuma mikeka, waliishi nyumba moja mwaka wa sita. Majirani walisema ni mtu na shangazi yake, ingawa walizaliwa mwaka mmoja.

Walikuwapo pia wanaume wenye wake wanne na wanawake wenye wajukuu kumi, waliokuja kwa sababu rubisi ilikuwa nzuri. Hao ndio wengi. Walikaa na sisi bila kushikwa na homa.

Saa nne tulikuwa barazani, sisi sote, tumeoga.

Kamati ilikuwa na watu watatu. Katikati Mkungu Rugaibula. Kulia Ta Buberwa, mzee wa kanisa la Kilutheri, mwenye kikohozi cha kuanzia maneno. Kushoto Bwana Muharami, fundi cherehani, aliyewekwa pale kuwawakilisha Waislamu wa mjini. Karani alikuwa Josia, kijana wa shule, mwenye kalamu mbili na ugomvi na kila neno lisilo kamili.

Ta Buberwa akakohoa, akasema kilabu kile kina mambo.

Josia akauliza aandike mambo gani.

"Mambo yenyewe," akasema Ta Buberwa.

"Ta, kitabu kina safu ya kosa. Siwezi kuandika 'yenyewe'."

Wakanong'onezana. Neno lilikuwapo, kila mmoja alilijua, lakini atakayelitoa mdomoni angeulizwa alilitoa wapi. Mkungu akasema litatajwa na Bwana Muharami, kwa kuwa watu wa pwani wana maneno mengi. Bwana Muharami akasema yeye alizaliwa Bukoba, na maneno ya pwani aliyaacha kwa babu yake. Ta Buberwa akasema kanisani hawalitaji. Josia akaacha nafasi wazi kwenye kitabu, akapiga mstari chini yake.

Wakahamia kwenye ushahidi. Nani aliona?

Ta Buberwa akasema aliambiwa na mtu aliyepita njiani. Ma Kokugonza akaomba ruhusa, akauliza kwa adabu mtu huyo ana urefu gani, maana uzio wake unamzidi hata mrefu wa Hamugembe akisimama juu ya kinu. Aliyeona aliingia, na aliyeingia alikaribishwa.

Bwana Muharami akasema yeye aliingia siku moja tu, kupeleka nguo.

"Nguo ya nani, fundi?" akauliza Josia, kalamu tayari.

"Ya mteja."

"Mteja mwanamke?"

Bwana Muharami alitazama dari. Dari ya baraza ile ni nyasi, hazina la kusaidia. Lukmani, nyuma yangu, akamwambia taratibu kwamba gauni limemkaa vizuri ila mabega yanabana kidogo, akipata nafasi ayaangalie. Bwana Muharami akamwambia alete Jumatatu. Alilisema kabla hajajizuia.

Ndipo Ma Kokugonza alipofanya jambo lake. Alikuwa amekuja na kapu. Akatoa vitu vitatu vilivyofungwa kwa majani ya mgomba, akampa kila mjumbe kimoja kwa mikono miwili, akapiga goti. Akasema tu kwamba kilabu kikifungwa hataki kubaki na mali ya watu.

Hakuna aliyefungua. Hakukuwa na haja. Kitu kilichofungwa kwa jani bado kina umbo la kibuyu.

Mnaona alivyokuwa fundi mwanamke yule? Alimpa kila mmoja aibu yake ikiwa imefunikwa, aende nayo nyumbani salama. Kesi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni mlango wa wakubwa kutokea bila kuinama, na Mkungu akaupata.

"Mushumbusi," akasema, "haya yote yametokana na wimbo wako. Vijana hutunga. Sema mbele ya watu kwamba ulitunga tu, hapakuwa na mrija, hapakuwa na shuka. Tutaandika kwamba ni uzushi, na Kokugonza ataendelea na leseni yake."

Baraza zima likanigeukia. Ma Kokugonza hakunigeukia. Alikuwa anatazama mikono yake, kama mtu anayengoja chungu kichemke bila kukiharakisha.

Philbert alisogea nyuma yangu. Alikuwa ameshika kofia yake.

"Sema ni uongo," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mimi sitaumia. Najua ilikuwaje. Inatosha nikijua mimi."

Msomaji, ilikuwa kazi ya maneno matatu. Mtoto angeyasema. Nyumba ya watu wote wale ilikuwa juu ya ulimi wangu, na ulimi wangu ulikuwa na kiburi kuliko Mkungu yeyote wa Bukoba.

Nilifikiria mkuki wangu. Nilifikiria wenzangu wa simba wa babu zao, watakavyocheka. Nilijiambia kwamba natetea ukweli. Leo nakiri kwenu: nilikuwa natetea ubeti wangu.

"Waitu Mkungu," nikasema kwa heshima ya Kihaya, "nilichosema na mkuki mkononi ndicho kilichotokea. Na kama mnataka mashairi, nina mengine ya leo."

Ma Kokugonza akafumba macho.

Nikawapa:

*Cha kanisa kinavuja, kimezibwa kwa nta;*
*cha cherehani kina uzi mwekundu shingoni;*
*cha Mkungu ni kikubwa, hujazwa mara mbili:*
*wanatuhukumu wenye kiu, na kiu ni yao.*

Watu walicheka. Walicheka mpaka tarishi wa kidole akakaa chini. Nami nilisimama katikati ya kicheko kile nikiota manyoya kama jogoo, na sikujua kwamba kicheko kile ndicho kilichokuwa kikifunga kilabu. Mkubwa unaweza kumwonyesha kibuyu chake. Usikifungue.

Mkungu alingoja pakawa kimya.

"Josia," akasema. "Andika choo."

"Choo, waitu?"

"Choo cha kilabu kiko hatua kumi na nane kutoka mtumbwi wa pombe. Kitabu cha sheria kinataka ishirini."

Hakuna aliyekwenda kupima. Ta Buberwa aliujua umbali ule kwa kichwa, na hakuna aliyemuuliza aliujuaje. Josia akaandika kwa furaha, maana hatimaye alipata neno la kujaza ile nafasi. Leseni ikafutwa. Kuanzia saa ile, Kokugonza haruhusiwi kutengeneza pombe ya kuuza wala ya kugawa.

Philbert akavaa kofia yake. Alivaa polepole, kama mtu anayefunga dirisha.

Watu wakaanza kuinuka. Ma Kokugonza hakuinuka. Aliuliza kwa unyonge, unyonge ambao kama ningekuwa na akili ningeuogopa, kwamba afanyeje na ndizi zilizo shimoni. Mikungu arobaini, waitu, imefukiwa tangu juzi, kesho ndizi zimeiva. Zioze?

Mkungu akasema hana la kufanya. Pombe isiyo na leseni ni ya ndoa peke yake.

"Ya ndoa haiombi leseni?"

"Hiyo ni mila. Hata Mwingereza hakuigusa. Aliandika 'sherehe za ndoa', akaenda kunywa chai."

"Kwa siku ngapi, waitu?"

Mkungu akafungua mdomo aseme tatu, akaufunga. Nikaona kitu kikimpitia usoni. Alikuwa anakumbuka kwamba kilabu kingine chenye rubisi ya maana kiko mbali, juu ya kilima.

"Harusi," akasema taratibu, "haijaisha mpaka bibi harusi atolewe ndani."

Hapo hata Ta Buberwa alisahau kukohoa.

Nyinyi msio Wahaya, nawaeleza. Bibi harusi wetu akishaingia nyumbani mwa mume huwekwa ndani. Halimi, hapiki, haendi kisimani. Anapakwa mafuta, ananenepa, na mwanamke mmoja wa kumtunza anakaa naye usiku na mchana. Wengine huwekwa mwezi. Wengine, mume akiwa na uwezo, miezi sita. Na siku zote hizo wageni huja kupongeza, na mgeni hapongezi koo likiwa kavu.

"Na bibi harusi akichelewa kutoka?" akauliza Ma Kokugonza.

"Bibi harusi haharakishwi," akasema Mkungu, akitazama kando.

"Ni vibaya kabisa kumharakisha," akasema Bwana Muharami.

Ta Buberwa akasema mradi itangazwe kanisani. Mradi iwe ndoa ya kweli, na bwana harusi aahidi hapa hapa, kwa mdomo wake, mbele ya kamati, watu wasije wakafanya mzaha na jambo takatifu.

Josia akauliza aandike harusi ya nani.

Ma Kokugonza akatazama watu wake. Aliwapita mmoja mmoja. Lukmani akaanza kujificha nyuma ya Jovitha, na Jovitha alikuwa mwembamba, hakumsaidia.

"Yangu," akasema Kemilembe.

Alisimama akakung'uta nyasi za mkeka kwenye nguo yake. Akaulizwa ataolewa na nani. Akaninyooshea kidole kama mtu anayechagua mkungu wa ndizi sokoni, si kwa kuupenda, ila kwa kuwa ndio uliobaki.

"Na huyu. Si ndiye aliyetufungia kilabu? Aolewe naye basi shangazi yenu." Watu wakacheka. Akamgeukia Mkungu. "Na wa kunitunza ndani atakuwa Jovitha. Simtaki mwingine."

Mkungu akasema hilo ni haki ya bibi harusi.

Nikasogezwa mbele. Sijui na nani, nadhani na mikono mingi. Kemilembe akainama kama anayenionea haya, akaninong'oneza kwamba ndani nisikanyage, nikae nje na mtumbwi wangu, na nikijaribu kutunga lolote juu yake atanivunja meno. Nikamwambia nimeelewa.

Nikageuka kumtafuta Philbert. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilitaka tucheke pamoja. Kilabu kimepona, choo au hakuna choo.

Alikuwa amefika kwenye nguzo ya mwisho ya baraza, upande wa njia ya Maruku. Hakuwa anacheka.

Nikamfuata. Nikamwambia ni ujanja tu, mwenyewe umesikia, ni kwa ajili ya nyumba yetu sote.

"Nimesikia," akasema. "Saa moja iliyopita uongo haukutoka kooni mwako. Nilikuomba mimi."

"Ule ulikuwa juu yako. Nisingeweza kukukana."

"Hukunikana. Ulinitaja tena, halafu ukawatungia wakubwa. Kesho asubuhi mimi naingia kazini Maruku kwa jina ulilolitangaza kwenye karamu. Wewe utakuwa bwana harusi. Nani atakugusa?"

Nikachora vumbi kwa kidole cha mguu. Mimi, mwenye jibu la kila kitu, kwa vina.

Nikamwambia basi nisiseme. Niache. Ndizi zioze.

Akatazama nyuma yangu. Nami nikatazama. Ma Kokugonza alikuwa bado amekaa mkekani, kapu tupu pajani. Lukmani amesimama na kanzu yake. Jovitha amemshika Kemilembe kidole kimoja, kile kidogo, mbele ya watu, na safari hii hakuna aliyetafuta neno.

"Wewe unajua kwamba utasema," akasema Philbert. "Na mimi najua. Ila usiseme kwa kunung'unika mkono mdomoni. Jina langu ulilitamka mpaka likafika kwenye mabati ya Mkungu. Na hili liseme hivyo hivyo. Nilisikie nikiwa njiani."

"Unakwenda wapi?"

Akarekebisha kofia, akashuka barabarani.

Nyuma yangu Josia aliita jina langu mara ya pili. Ta Buberwa akakohoa. Kalamu ilikuwa tayari juu ya kitabu. Nikarudi hatua zile chache, na hakuna mtu aliyewahi kutembea umbali mfupi kwa muda mrefu namna ile. Nikasimama mbele ya Kemilembe. Sikuwa na mkuki. Uso nilimpa yeye, lakini sauti niliielekeza barabarani, kwenye kofia iliyokuwa ikipungua katikati ya migomba, na nikaipaza mpaka kuku wa Mkungu wakaruka.

"Kemilembe, mbele ya watu hawa wote, nakuahidi: Jumamosi nitakuoa, utaingia nyumbani mwangu, na sitakutoa ndani mpaka useme mwenyewe!"